Usafi wa Mbwa Mdogo Aliyevunjika Mguu: Mwongozo Kamili Tangu Kufungwa Bendeji Hadi Kuogeshwa Tena

Mfupa uliovunjika wa mbwa mwenye umbo dogo hauungi kwa siku mbili tatu. Mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi michache huweza kuhitaji wiki 4 hadi 6, mbwa mzima kwa kawaida huhitaji wiki 8 hadi 12, na mbwa mzee au mwenye maradhi mengine huenda akazidi hapo. Mbwa wa mbari ndogo sana huvunjika mara nyingi mifupa miwili ya mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo, na inatosha aruke vibaya kutoka kwenye kochi au aponyoke mikononi mwa mtu. Sehemu hiyo kwao hupata damu kidogo kuliko kwa mbwa wakubwa, ndiyo maana uponaji wake hudai subira zaidi. Katika kipindi chote hicho mnyama hawezi kujilamba kwa sababu amevishwa kola pana yenye umbo la koni inayozuia mdomo kufika mwilini, hachuchumai vizuri anapojisaidia, analala muda mrefu mahali pamoja, na tumbo lake liko karibu sana na sakafu. Hata akiwa katika nyumba safi kabisa, atachafuka.

Kanuni ninayoisimamia ni kwamba katika wiki hizi kazi kubwa ni kuzuia unyevu na kukausha, ilhali kuosha kunafanywa kwa nadra na kwa sehemu ndogo ndogo. Mbwa mwenye harufu kidogo lakini mkavu yuko salama kuliko mbwa anayenukia shampuu huku bendeji yake imelowa. Maji yakiingia chini ya plasta hayana pa kutokea. Ngozi hulainika, huchubuka, bakteria huzaliana, na kidonda kinachotokea huweza kumrudisha mbwa mezani kwa daktari wakati mfupa wenyewe unaendelea vizuri.

Jua kwanza mguu umefungwa kwa njia gani

Kabla hujaondoka kwa daktari wa mifugo, uliza mambo matatu: mguu umetengenezwa kwa njia gani, ni sehemu gani haipaswi kuguswa kabisa, na bendeji itabadilishwa lini. Mbwa aliyefungwa plasta au banzi kwa nje bila upasuaji hana mshono, lakini ana bendeji ambayo kwa kawaida hukaguliwa au kubadilishwa na daktari takriban kila wiki, na kwa mtoto wa mbwa mapema zaidi kwa kuwa mguu wake unakua ndani ya kifungo kisichotanuka. Mbwa aliyewekewa bamba la chuma na skrubu, au pini ndani ya mfupa, ana mshono ambao nyuzi zake hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mwingine huwekewa fremu ya nje, yaani pini zinazopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa na kushikwa kwa vyuma vilivyo nje ya mguu. Huyu ana matundu madogo yanayobaki wazi kwa wiki kadhaa. Usafi wa kila mmoja una masharti yake, na pale ambapo maelekezo ya daktari wako yanatofautiana na haya, fuata ya daktari.

Vifaa vya kuweka tayari

Weka vyote kwenye beseni moja ili usimwache mbwa peke yake ukienda kutafuta kitu: vitambaa laini vya pamba visivyopungua vitano au sita, taulo mbili, shashi safi, chanuo chenye meno mapana na kingine chenye meno ya karibu, vitambaa vyenye unyevu visivyo na manukato wala spiriti, mifuko ya plastiki minene, na zulia dogo la mpira lisiloteleza. Ongeza nepi za kutandika, zile bapa zinazowekwa juu ya kitanda. Mashine ya kunyolea ni bora kuliko mkasi kwa kuondoa manyoya yaliyosokotana, kwani ngozi ya mbwa mdogo ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo la manyoya, na mkasi huikata kwa urahisi mno.

Shampuu iwe ya mbwa. Ngozi yake haina asidi nyingi kama ya binadamu, na sabuni zetu huikausha hadi ikamuwasha, jambo ambalo hutaki kwa mnyama anayetafuta sababu ya kujikuna. Mafuta ya mti wa chai yasitumike hata kidogo. Ni sumu kwake.

Namna ya kumshika

Mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata mtu anayempenda, na hilo si utovu wa adabu. Panga usafi ufanyike saa moja au mbili baada ya kumpa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, na kamwe usimpe dawa za binadamu kama ibuprofeni au parasetamoli kwa kukisia. Ukiweza, wawe watu wawili: mmoja amshike na kumsemesha, mwingine asafishe.

Unapomwinua, pitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa sawa na ardhi, na mguu uliovunjika ukielekea upande wa nje, mbali na kifua chako, ili usiubane. Usimwinue kwa kumshika makwapani kama mtoto, maana uzito wote huning'inia na miguu hupiga huku na huku. Mfanyie kazi sakafuni juu ya taulo, au mapajani ukiwa umeketi chini. Meza haifai. Mbwa wa kilo 3 akiruka kutoka kwenye meza, mguu wa pili nao uko hatarini.

Kulinda bendeji isilowe

Hapa ndipo uangalifu mwingi unapohitajika. Kila anapotoka nje, vika mguu mfuko mnene wa plastiki unaopita juu ya ukingo wa bendeji, kisha ufunge kwa utepe laini bila kukaza. Kidole chako kipite kati ya utepe na mguu. Mara tu anaporudi ndani, uvue. Mfuko usikae zaidi ya nusu saa, kwa kuwa jasho la nyayo na joto la mwili hutengeneza unyevu ndani yake, na matokeo huwa yaleyale uliyotaka kuyakwepa. Wengi huuacha mfuko mchana kutwa wakidhani wanazidisha ulinzi, na mimi naona afadhali usimvike kabisa kuliko kumvika na kuusahau.

Asubuhi na jioni, kagua bendeji kwa macho, kwa mkono na kwa pua. Kwa macho, tazama kucha mbili za katikati zinazochungulia chini ya bendeji: zikiwa zimekaa karibu na sambamba, mambo ni shwari, zikianza kuachana na kutanuka, vidole vimevimba na bendeji inabana. Kwa mkono, gusa vidole hivyo na ulinganishe na vya mguu mzima. Visiwe vya baridi wala vya moto kupita vile vingine. Papasa pia kingo za bendeji juu na chini kuona kama kuna unyevu au ngozi iliyochubuka. Kisha weka pua karibu na ukingo wa juu na unuse. Harufu ya manyoya yasiyooshwa ni ya kawaida, lakini harufu tamu ya kuoza au ya uchachu ni dalili ya kidonda kilichofichika.

Bendeji ikilowa, hata kama ni kwa mkojo kidogo tu uliopenya hadi kwenye pamba, mpigie daktari siku hiyohiyo. Usijaribu kuikausha kwa mashine ya nywele, kwa sababu tabaka la nje hukauka na kukudanganya huku la ndani likibaki limelowa, na joto lenyewe huweza kuunguza ngozi. Usiifungue wala kuifunga upya mwenyewe, kwa kuwa bendeji iliyofungwa bila usawa hukata mzunguko wa damu. Ikiwa imepata tope kavu kwa nje tu, subiri tope likauke kabisa, kisha ulipanguse kwa brashi laini kavu.

Haja ndogo na haja kubwa

Chanzo kikuu cha uchafu ni hapa, na kwa mbwa mdogo shida yake ina sura yake. Dume mwenye mwili mfupi anapokojoa huku ameinamia mbele, mkojo hufika kwenye miguu ya mbele. Ikiwa mguu wa mbele ndio wenye bendeji, bendeji italowa kila siku usipokuwa makini. Mfunike mguu huo kabla hajatoka na uwe umeinama ubavuni mwake wakati anakojoa, ukiwa na kitambaa mkononi. Jike mwenye mguu wa nyuma uliovunjika hushindwa kuchuchumaa sawasawa na mkojo humtiririkia mapajani.

Msaada mzuri ni kitambaa kirefu au taulo nyembamba iliyokunjwa na kupitishwa chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, huku ukishika ncha zake mbili juu ya mgongo. Inua kiasi cha kumpunguzia uzito tu, miguu mizima ibaki ikigusa ardhi. Kwa dume, sogeza kitambaa mbele kidogo kisifunike uume. Mtoe mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea, akiwa na kamba, mahali pakavu penye nyasi fupi au sakafu isiyo na tope.

Akimaliza, pangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kutoka mbele kuelekea nyuma kwa jike ili kinyesi kisiingie kwenye njia ya mkojo. Halafu kausha kwa kitambaa kingine kwa kugandamiza taratibu bila kusugua. Inua mkia uangalie chini yake, na ufungue mikunjo ya kinena kwa vidole, maana mkojo ukikaa hapo huunguza ngozi ikawa nyekundu na kutoa manyoya. Manyoya marefu ya sehemu ya nyuma, ya ndani ya mapaja na yanayozunguka uume yapunguzwe kwa mashine mapema, katika siku za mwanzo kabisa daktari atakapokuruhusu. Hatua hiyo moja itakuokolea kazi nyingi. Ngozi ikiwa imeanza kuwa nyekundu, utando mwembamba sana wa vaselini huikinga na mkojo, lakini krimu za watoto zenye zinki zisitumike, kwa kuwa zinki ikilambwa ni sumu.

Nepi za kuvaa zinafaa kwa mbwa anayevuja mkojo, kwa sharti kwamba zibadilishwe kila zinapolowa na apewe muda wa kukaa bila nepi. Nepi iliyosahaulika usiku kucha hudhuru kuliko godoro lililolowa.

Baada ya upasuaji mbwa anaweza kukaa siku 2 au 3 bila kupata choo kutokana na nusukaputi, dawa za maumivu na kula kidogo. Akizidi hapo huku akijikamua bila mafanikio, au akipitisha saa 24 bila kukojoa, piga simu. Kuhara nako kusichukuliwe kama usumbufu wa usafi tu: dawa za kupunguza uvimbe huweza kudhuru tumbo, na mbwa anayetapika au anayetoa kinyesi cheusi kama lami asipewe dozi inayofuata kabla hujaongea na daktari.

Kumsafisha mwili bila kumwogesha

Anza kila siku kwa chanuo kikavu, dakika chache tu, ukipita mahali ambapo manyoya husokotana haraka: nyuma ya masikio, chini ya kola, makwapani, na pale taulo ya kumbebea inapomsugua. Manyoya yaliyosokotana yasiloweshwe, kwa kuwa maji huyakaza zaidi. Yafungue kwa vidole kuanzia nchani, na yakishindikana yanyolewe.

Baada ya hapo chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu na ukikamue kwa nguvu mpaka kisidondoshe hata tone. Pangusa mgongo, shingo, mbavu, kisha tumbo, kila sehemu kwa upande safi wa kitambaa, na uikaushe kabla hujahamia nyingine. Mbwa mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo usimloweshe mwili wote kwa pamoja wala kumfanyia kazi hii penye upepo. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka bendeji au mshono ambayo haiguswi na unyevu wowote. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha kwa mwili mzima. Tumbo na nyuma ni kila siku.

Nyayo tatu zinazotembea zinabeba mzigo wa ule wa nne, basi zistahili huduma. Zipanguse kila anaporudi, kausha kati ya vidole, na uzipunguze kucha zake kwa wakati, kwani mbwa asiyetembea sana kucha zake hazisagiki, na kucha ndefu humfanya ateleze.

Unga wa mahindi laini hunyonya mafuta na harufu kwenye manyoya ya mgongoni, na baada ya dakika chache huchanwa ukatoka. Usiutumie karibu na kidonda, uso wala bendeji. Poda zenye manukato ziachwe kabisa, kwani mbwa mdogo huivuta poda puani kwa urahisi.

Mshono na matundu ya pini

Mshono unaopona vizuri hauhitaji kuoshwa. Utazame mara mbili kwa siku ukiwa umenawa mikono: kingo ziwe zimegusana, wekundu hafifu na uvimbe mdogo wa siku za kwanza upungue kila siku. Damu kavu iliyoganda pembeni inaweza kulainishwa kwa shashi iliyochovywa katika maji ya chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zisiwekwe kwenye kidonda, kwa sababu huua pia chembe mpya zinazokiunga. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, ni nzuri pale tu daktari anapoitoa na kusema ichanganywe kwa kiasi gani.

Kwenye fremu ya nje, majimaji mepesi machache kuzunguka pini katika siku za mwanzo si ajabu. Pangusa kila tundu kwa kipande chake cha shashi ili uchafu wa tundu moja usihamie jingine, na kigaga kigumu kisichotoa majimaji usikibandue kwa nguvu. Usaha mzito, harufu, damu mpya, au pini inayochezacheza ni mambo ya kumwona daktari bila kungoja tarehe ya miadi. Vivyo hivyo kwa mbwa anayekataa chakula na kuwa na joto linalozidi nyuzi 39.4 za Selsiasi. La kawaida ni takriban 38.3 hadi 39.2.

Kola, uso na masikio

Usivue kola kwa huruma. Ulimi wa mbwa hausafishi mshono, huufungua, na dakika tano za kutafuna zinatosha kuharibu bendeji. Hata hivyo kola yenyewe huchafuka upesi kwa chakula na mate, kwa hiyo ivue mara moja kwa siku ukiwa umemshika mbwa, ioshe kwa sabuni, isuuze, ikaushe, na utumie nafasi hiyo kumpangusa shingo. Macho husafishwa kwa pamba yenye maji safi kuanzia kona ya ndani kwenda nje, pamba mpya kwa kila jicho. Masikio yapanguswe sehemu inayoonekana tu. Tumia bakuli la kina kifupi lililoinuliwa kidogo, na baada ya kula ukaushe kidevu.

Kitanda chake

Weka godoro lenye kifuniko kisichopenya maji, juu yake nepi ya kutandika, na juu kabisa blanketi jepesi linalopitisha unyevu kwenda chini ili uso analolalia ubaki mkavu. Badilisha kila linapolowa, na hata kama halijalowa, kila siku. Fua kwa maji ya moto na usuuze mara mbili, kwani sabuni iliyobaki humuwasha. Sakafu ioshwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa. Epuka dawa zenye fenoli, kwa kuwa mbwa atailamba sakafu hiyo, na zenye amonia, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo na humvuta kukojoa palepale. Mgeuze upande kila baada ya saa chache akiwa hajigeuzi mwenyewe.

Nzi wakiwepo, mweke ndani au chini ya chandarua. Hutaga mayai kwenye manyoya yenye mkojo na kwenye vidonda, na funza huweza kuonekana ndani ya siku moja. Kwa viroboto na kupe, mwombe daktari dawa inayoendana na zile anazotumia tayari, na ikiwa ni ya kudondoshea mgongoni, usimpanguse kwa maji kwa siku 2 kabla na 2 baada.

Kuogesha kwa mara ya kwanza

Subiri mambo mawili yakamilike: bendeji iwe imeondolewa kabisa, na nyuzi ziwe zimetolewa na ngozi imefunga. Daktari akithibitisha kwa picha ya eksirei kwamba mfupa umeunga, vizuri zaidi. Kama bado, mwogeshe akiwa ameshikwa wakati wote.

Tandika zulia la mpira ndani ya beseni na utie maji ya uvuguvugu yasiyofika tumboni. Mshushe taratibu, mkono mmoja ukiwa chini ya kifua, na umimine maji kwa kikombe kuanzia mabegani kwenda nyuma. Bomba la kurusha maji humshtua, na mshtuko humfanya aruke. Mguu uliokuwa ndani ya bendeji utauona mwembamba, manyoya machache, ngozi ikiwa na magamba na harufu. Hayo ni ya kawaida. Usiusugue wala kubandua magamba. Paka povu kwa kiganja, liache kidogo, suuza hadi maji yatoke meupe, na uyaache magamba yaanguke yenyewe katika siku zinazofuata.

Mtoe akiwa amefunikwa taulo yote mwilini, umkaushe kwa kugandamiza, na umalizie kwa mashine ya nywele ikiwa kwenye joto la chini na mbali na ngozi. Asiachwe akimbie baada ya kuoga, kwa kuwa mbwa wengi hupatwa na msisimko na kuzungukazunguka chumbani, na sakafu yenye maji pamoja na mguu ulionyong'onyea ni hatari. Mshike mpaka atulie na nyayo zikauke. Siku inayofuata kagua mahali mshono ulipokuwa, na bafu la pili lingoje wiki 2 au zaidi, kadiri ngozi ya mguu huo itakavyokuwa imerudia hali yake.